Seli Zinazomeza: Usaha Hutoka Wapi?

Kuna swali ambalo akina mama wa Gesima, huku milimani Nyamira, kama wenzao kote Kenya, humuuliza muuguzi wanaporudi kliniki na mtoto mchanga: mbona pale alipochanjwa pametunga usaha? Mtoto alipozaliwa alidungwa ile sindano ndogo ya kukinga kifua kikuu, BCG, kwenye ngozi ya mkono wa kushoto. Mkono ukatulia. Wiki kadhaa baadaye kikachomoza kipele, kikaiva, kikatoa usaha kidogo, kikakauka na kuacha kovu. Nyanya yake anasema sindano ilikuwa chafu. Jirani anasema mtoto ana damu mbaya. Mama anabaki na wasiwasi, na kuna wanaopaka majani yaliyopondwa ili kikauke upesi.

Muuguzi humwambia akiache, asikikamue, asipake kitu, kitapona chenyewe. Ushauri huo ni sahihi, lakini swali la mama bado halijajibiwa, na ni swali zuri. Mchuma chai aliyechomwa na mwiba huuliza hilohilo kidole kinapomvimba na kumpiga usiku kucha. Je, usaha ni damu iliyooza? Ni uchafu uliokuwa mwilini ukitafuta njia ya kutoka?

Nitalijibu swali hilo, kisha nitaomba twende mbali zaidi. Mwili wa binadamu hujilinda kwa kiasi kikubwa kwa kula. Una seli ambazo kazi yake ni kumeza: zinameza bakteria, vumbi, na seli zetu wenyewe zilizokufa. Mengi ya maradhi tunayoyajua huku milimani, malaria na kifua kikuu yakiwa mbele, hupata nafasi pale ambapo seli imemeza kitu ikashindwa kukimaliza.

Usaha ni nini hasa

Damu ina seli nyekundu, zinazobeba hewa ya oksijeni, na seli nyeupe, ambazo ni chache zaidi na ndizo za ulinzi. Miongoni mwa nyeupe zipo ziitwazo neutrofili. Hizi ndizo hufika kwanza penye jeraha. Zinaundwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, kiasi cha bilioni 100 kwa siku katika mtu mzima, na maisha yake ni mafupi: saa kadhaa, au siku chache zikibahatika.

Mwiba ukiingia kidoleni, seli za ngozi zilizoumia humwaga kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu hupanuka na kuta zake hulegea, maji ya damu yakavujia nje. Ndiyo sababu pale pana joto, pamevimba na panauma. Neutrofili hujipenyeza katikati ya kuta hizo, zikafuata njia hadi kwenye bakteria walioletwa na mwiba, zikaanza kumeza. Zinameza mpaka zinakufa.

Usaha ni lundo hilo: neutrofili zilizokufa kwa mamilioni, bakteria wafu na wachache walio hai, vipande vya nyama iliyoharibika, na maji. Rangi yake ya kijani hutokana na kimeng'enya kimoja chenye madini ya chuma ambacho neutrofili hukitumia kuulia. (Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemikali mwilini.) Makamasi ya mtoto yakigeuka kijani, ni kimeng'enya hichohicho. Rangi peke yake haithibitishi kwamba mtoto anahitaji antibiotiki, na natamani kila mwenye duka la dawa alijue hilo.

Jipu kubwa lina shida yake. Katikati ya usaha hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo dawa inayosafiri kwa damu haifiki vizuri. Mgonjwa anaweza kumaliza vidonge vyote na jipu likabaki palepale. Dawa yake ya kwanza ni kupasuliwa na mhudumu wa afya, usaha utoke. Kulikamua nyumbani, hasa likiwa usoni, kunaweza kuwasukuma bakteria ndani zaidi.

Mwiba wa Messina

Aliyeona jambo hili kwa mara ya kwanza na kulielewa alitumia mwiba. Mwaka 1882 Ilya Mechnikov, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, alikuwa Messina, kisiwani Sicily. Alichukua mabuu ya kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kwa kuwa ni waangavu kiasi kwamba ukiwatazama kwa darubini unaona yanayotendeka ndani. Akawachoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi iliyofuata seli zilikuwa zimeizunguka miiba na kuizingira pande zote.

Wakati huo madaktari wengi walijua kwamba seli nyeupe huonekana zikiwa na bakteria ndani, lakini walidhani bakteria ndio walioingia na kupata usafiri wa kuenea mwilini. Mechnikov aliwaambia wameligeuza jambo: seli ndiyo inayokula. Alibishana nao kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, aliyekuwa upande wa pili wa ubishi, akiamini ulinzi umo katika maji ya damu. Wote wawili walikuwa wameshika kweli, kama tutakavyoona.

Jinsi seli inavyomeza

Mbali na neutrofili yupo mlaji mkubwa zaidi, makrofaji. Hii huishi muda mrefu, wakati mwingine miezi au zaidi, na kila kiungo kina zake: kwenye mapafu, ini, ubongo, ngozi. Mlo wa seli hizi hupitia hatua hizi:

1. Kuitwa. Bakteria huacha kemikali nyuma yao, na seli zilizoumia huongeza zao. Seli ya kumeza hutambaa kuelekea pale kemikali ilipo nyingi.

2. Kutambua. Ngozi ya bakteria ina sukari na mafuta ambayo seli zetu hazina. Tena katika maji ya damu mna kingamwili, yaani protini zinazonata juu ya mvamizi ambaye mwili ulishakutana naye. Aliyepakwa kingamwili humezwa upesi mno kuliko asiyepakwa. Bakteria wa nimonia wana koti la utelezi ambalo seli haipati pa kushika. Kingamwili ndizo huipa mahali pa kushika. Chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2011 hufanya kazi hiyo hasa. Hapo ndipo Mechnikov na Ehrlich wanapokutana.

3. Kuzingira. Utando wa seli hujinyoosha kumzunguka mvamizi kutoka kila upande, kama vidole vinavyofumba tonge la ugali, hadi kingo zikutane na kushikana. Sasa yumo ndani, kwenye kifuko.

4. Kumeng'enya. Kifuko hicho huungana na vifuko vingine viitwavyo lisosomu, vilivyogunduliwa na Christian de Duve wa Ubelgiji mwaka 1955. Vimejaa vimeng'enya vya kuvunjavunja protini, mafuta na sukari, na ndani yake mna ukali wa asidi. Neutrofili huongeza sumu ya klorini, ya ukoo mmoja na ile iliyo katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

Bakteria wengi huishia hapo.

Namba zinazotisha kwenye karatasi ya maabara

Hapa nataka kukawia, kwa kuwa jambo hili linawahusu wasomaji wangu wengi na ni wachache walioelezwa. Umepimwa damu, karatasi imerudi, na mbele ya neutrofili pamewekwa alama kwamba ziko chini. Unaanza kufikiria mabaya.

Wengi wetu katika sehemu hii ya Afrika tumerithi seli nyekundu zisizo na protini iitwayo Duffy. Inaaminika urithi huo ulienea kwa sababu ni kinga: aina moja ya malaria, vivax, huitumia protini hiyo kama mlango wa kuingilia kwenye seli nyekundu, na mlango usipokuwepo mara nyingi hubaki nje. (Falsiparum, inayotusumbua zaidi, ina milango mingine.) Urithi huohuo huwafanya wenye nao wawe na neutrofili chache zaidi zinazozunguka katika damu. Hawaugui zaidi ya wengine. Wakipata jeraha, usaha hutunga kama kawaida.

Tatizo ni kwamba viwango vilivyochapishwa kwenye mashine na vitabu vingi vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliopima damu ya watu wazima wenye afya vijijini Kericho, kaunti inayopakana na Nyamira. Viwango vyao vya kawaida vya neutrofili vilikuwa chini ya vile vya Marekani. Mtu mzima na mwenye nguvu zake angeweza kuhesabiwa mgonjwa, kukataliwa kwenye majaribio ya dawa au kucheleweshewa matibabu ya saratani, kwa sababu tu kipimo kilitengenezewa watu wengine.

Hali hiyo ni tofauti kabisa na ya mtu ambaye neutrofili zake zimekaribia kwisha, tuseme kwa dawa za saratani. Huyo yumo hatarini kweli, na hatari yake hujificha: kwa kuwa walaji hawapo, usaha hautungi. Jeraha lake linaweza kuonekana safi huku bakteria wakizidi kuenea. Akipata homa, ni ya kukimbizwa hospitalini saa hiyohiyo.

Baada ya kula, kupeleka habari

Turudi kwa mtoto wa BCG. Chanjo hiyo ni bakteria hai waliodhoofishwa, ndugu wa yule wa kifua kikuu, na ilitumiwa kwa binadamu mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1921. Wakidungwa ndani ya ngozi, seli za kumeza huwajia na kuwala. Bakteria hawa ni wagumu, mlo huchukua wiki nyingi, na kadiri walaji wanavyokusanyika ndivyo kipele kinavyoinuka. Usaha ule ni alama ya karamu inayoendelea.

Baadhi ya seli zinazomeza pale ngozini zina kazi ya ziada. Zinaitwa seli dendritiki, nazo zina matawi marefu. Ralph Steinman na mwenzake walizieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1973, jijini New York. Seli ya namna hii ikishameza hubakiza vipande vidogo vya mlo wake, huvitundika juu ya ngozi yake, na kusafiri hadi kwenye tezi iliyo karibu. Kwa mtoto aliyechanjwa mkono wa kushoto, ni tezi za kwapa la kushoto. Huko hukutana na limfosaiti, seli nyeupe zenye kumbukumbu. Kila limfosaiti inatambua kipande cha aina moja tu, kwa hiyo nyingi hupita bila kuona kinachozihusu. Inayokitambua huamka, huzaana, na kizazi chake hubaki mwilini kwa miaka.

Mlaji asiyetoa habari angemlinda mtoto leo tu.

*Kwa kifupi hadi hapa:* neutrofili hufika kwanza, humeza, hufa, na maiti zake ndizo usaha. Makrofaji huishi na kusafisha. Seli dendritiki hupeleka vipande vya mlo kwa seli zenye kumbukumbu.

Wafu wetu wa kila siku

Bakteria ni sehemu ndogo ya mlo. Kila siku mamia ya mabilioni ya seli zetu wenyewe hufa, na wala hatuhisi kitu. Seli inayokufa kwa utaratibu hutoa ishara: aina fulani ya mafuta ambayo seli hai huificha upande wa ndani wa utando wake hujitokeza nje. Makrofaji ikiyagusa mafuta hayo, humeza. Seli yenye afya, kwa upande wake, huvaa protini inayosema niache. Maiti ikimezwa kabla haijapasuka, hakuna uvimbe wala maumivu. Ikiachwa ipasuke, yaliyomo humwagika na mwili unaweza kuanza kujishambulia. Hitilafu ya namna hiyo inahusishwa na ugonjwa wa lupasi.

Seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Mwili huondoa karibu milioni 2 kila sekunde, nyingi ndani ya bandama, ambalo wengine huliita wengu, chini ya mbavu za kushoto. Damu hupenyezwa kwenye nafasi nyembamba humo. Seli changa hujikunja na kupita, iliyozeeka na kukakamaa hukwama, na makrofaji huila. Chuma kilichokuwa ndani yake hurudishwa kwenye uboho kuunda seli mpya. Kwa siku ni miligramu 20 hadi 25, wakati chakula hutupa 1 au 2 tu. Mabaki mengine hugeuka rangi ya manjano na kupelekwa kwenye ini. Mtoto mchanga, ambaye ana seli nyekundu nyingi za kuvunja na ini ambalo halijakomaa, huweza kuwa na macho ya manjano siku chache baada ya kuzaliwa. Manjano ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza, mtoto apelekwe hospitalini bila kungoja.

Malaria milimani

Gesima iko juu, kuna baridi, na baridi huchelewesha kukua kwa kimelea cha malaria ndani ya mbu. Kwa hiyo watu wa milima ya Kisii na Nyamira hawaumwi malaria mfululizo kama watu wa kando ya Ziwa Victoria. Hiyo ni neema yenye gharama. Katika milipuko ya miaka ya 1990, watu wazima waliugua na kufa pamoja na watoto. Mtu mzima wa Homa Bay, kando ya ziwa, aliyekwisha kuumwa mara nyingi ana kingamwili zinazonata kwenye seli nyekundu zilizoingiwa na kimelea, makrofaji zikazitambua na kuzimeza. Mwenzake wa milimani hana za kutosha. Walaji anao, wasichonacho ni cha kuwaonyesha ni ipi ya kula.

Kisha kuna kinachobaki. Kimelea cha malaria huila hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, na kuacha fuwele nyeusi zinazoitwa hemozoini. Seli nyekundu ikipasuka, fuwele hizo humezwa na walaji, na haziyeyuki. Mtaalamu wa maabara akitazama damu kwa darubini huweza kuziona: seli nyeupe yenye vidoa vya kahawia iliyokoza ndani yake. Makrofaji iliyojaa fuwele hufanya kazi vibaya. Bandama huvimba na kuwa jeusi. Utafiti uliofanywa kwa watoto katika hospitali ya Siaya ulionyesha kwamba wale wenye seli nyeupe nyingi zilizobeba fuwele hizi walikuwa na upungufu mkubwa zaidi wa damu. Uboho hudumaa, chuma hufungiwa ndani ya makrofaji, na seli nyekundu zisizo na kimelea huliwa pia. Hii ndiyo sababu mtoto hubaki hana damu hata baada ya homa kuisha, na anapaswa kurudishwa kuangaliwa.

Kisichomeng'enyeka

Bakteria wa kifua kikuu, aliyegunduliwa na Robert Koch mwaka uleule wa 1882, ameifanya makrofaji kuwa nyumba yake. Akivutwa na pumzi humezwa ndani ya mapafu, lakini huzuia kifuko chake kisiungane na lisosomu, akakaa humo na kuzaana polepole. Walaji wengine huja na kujenga ukuta kuizunguka nyumba hiyo. Watu wengi huishi naye hivyo maisha yao yote bila kuugua, mradi limfosaiti ziendelee kuzichochea makrofaji zikaze asidi. Virusi vya Ukimwi huziua limfosaiti hizohizo, na ukuta hubomoka. Dawa nazo kwa kawaida hunywewa kwa miezi 6, muda mrefu baada ya kikohozi kukoma, kwa sababu bakteria waliojificha na kulala huuawa polepole sana.

Moshi wa kuni ni mlo wa namna nyingine. Jikoni mwenye dirisha dogo, masizi huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na makrofaji huyameza. Nchini Malawi watafiti walizitoa seli hizo kwenye mapafu ya watu wazima na kukuta wanaopikia kuni wana chembe nyeusi nyingi ndani yake. Chale zilizosuguliwa masizi hudumu kwa njia iyo hiyo: rangi imo ndani ya makrofaji za ngozi, na utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2018 juu ya panya ulionyesha kwamba moja ikifa, rangi inayoachiwa humezwa na nyingine palepale.

Lakini ninaowafikiria zaidi ni wachonga mawe wa Tabaka, kusini mwa Kisii. Vumbi jeupe la jiwe la sabuni wanalochonga hukaa kwenye nyusi, nguo na mboga. Makrofaji za mapafu humeza vumbi la mawe; baadhi ya madini, hasa silika, hutoboa lisosomu, asidi ikamwagika ndani ya mlaji mwenyewe akafa. Vumbi huachiwa, mwingine akalimeza, naye akafa. Kila kifo huita uvimbe, na uvimbe huacha kovu, mpaka mapafu yanakakamaa. Wale wanaosugua jiwe kwa msasa ndani ya beseni la maji wanajilinda vizuri, kwa kuwa vumbi lililolowa halivutwi. Hatari ni kwa anayechonga, kukata kwa mashine au kusugua likiwa kavu, hasa ndani ya chumba.

Makrofaji iliyojaa silika haina nguvu tena dhidi ya kifua kikuu. Wachimba dhahabu wa Afrika Kusini wamelipia jambo hili kwa maisha yao. Mchongaji mwenye kikohozi kisichoisha, aliyekonda, anayetokwa jasho usiku, apimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Na akifika, amweleze daktari anachofanya kila siku, maana picha ya mapafu yenye makovu ya vumbi hufanana sana na ya kifua kikuu, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.